SOMO: Paka mdogo mgeni analia usiku kucha, anataka nini?

Assalaam alaykum. Kila siku nasikia mtu kaleta mtoto wa paka nyumbani halafu analalamika hanyamazi, mara ana jini, jamani muacheni! Paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawaitani sana kwa nyau, mtoto ndo humlilia mamake, sasa mamake kabaki sokoni Darajani, uliopo ni wewe.

Hatua 1: Umri. Kama hajafika wiki 8 katolewa mapema, kilio kitakuwa kingi.

Hatua 2: Njaa. Tumbo lake dogo, mpe kidogo kidogo mara 4 kwa siku, samaki wa kuchemsha bila chumvi na miba utoe. Maziwa ya ng'ombe hapana, utafua mashuka wiki nzima.

Hatua 3: Baridi na upweke, na hapa ndo wengi tunapokosea. Wangu alilia toka isha, nishampa chakula, nishamtoa nje nikamrudisha, mwisho nikatia maji moto kwenye chupa nikaizongesha kipande cha khanga kuukuu nikamuekea, basi akaipanda akawa anaikanda kwa vikucha kama ananyonya, baada ya dakika kumi kimya mpaka alfajiri.

Hatua 4: Choo. Beseni la mchanga, mbali na chakula.

Hatua 5: Analia huku anajikamua na mkojo hautoki, au hali kabisa, au anahema mdomo wazi? Daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

MASUALI

Suali: Wangu kashiba na kishazoea nyumba, lakini akiniona tu analia.
Jibu: Anakuita huyo. Mchezeshe na kamba kabla ya kulala kisha mpe chakula, na usimuinukie kila akilia, akishajua inafanya kazi umekwisha.

Suali: Nimeokota mmoja Ng'ambo, macho hayajafunguka.
Jibu: Basi hata wiki mbili pengine hajatimiza. Mtizame mama kwanza, huenda yuko karibu. Kama hayupo mtie joto kabla hujamlisha, halafu maziwa maalumu ya watoto wa paka kila saa 2 au 3, usiku pia, alale kifudifudi sio chali asije akapaliwa. Kila akila mfute chini ya mkia kwa kitambaa cha uvuguvugu, bila hivyo hakojoi.

Suali: Mume wangu anasema nimpe panadol alale.
Jibu: Weee usithubutu shoga! Panadol ni sumu kwa paka, kidonge kimoja tu kinamuua. Mwambie shemeji atie pamba masikioni.