Kabla hujasafisha randa au drili, jua uchafu wake

Fundi akiona spana imejaa grisi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye petroli. Inatakatisha kweli. Ila mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche za grenda ya jirani.

1. Kata umeme. Chomoa plagi au toa betri. Kuzima swichi hakutoshi.

2. Gusa uchafu kwa kidole. Ni vumbi? Mswaki wa zamani unatosha. Ni grisi? Lowesha tambara kwa mafuta ya taa kidogo, vaa glovu, fanyia nje. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa hungoja nyuzi 38 hivi. Ni afadhali, lakini chini ya bati la Dar es Salaam mchana wa Februari, 38 haiko mbali.

Utomvu ulioganda kwenye diski ya msumeno hautaki mafuta. Fungua diski, iloweke dakika 15 kwenye maji ya moto yenye kijiko cha magadi, kisha piga brashi. Usitie humo kitu cha alumini, magadi yanaila.

Kutu ya patasi: siki usiku mmoja. Asubuhi suuza, chovya kwenye maji ya magadi kuua ile tindikali, kausha, paka mafuta ya cherehani papo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza, utaikuta imeanza tena. Jiki isikaribie chuma, na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini.

3. Angalia kifaa kimetengenezwa na nini. Hapa ndipo nilipopata hasara. Niliwahi kupangusa drili ya mteja kwa thina nitoe tone la rangi. Plastiki ikalainika, na alama ya dole gumba langu ikabaki palepale. Nililipa. Siku hizi bodi ya plastiki naipangusa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, kilichokamuliwa hasa, na matundu ya mota nayapulizia hewa kavu nikiwa na miwani.

4. Soma lebo ya dawa za kopo. Ya kusafishia breki ikiwa na klorini, usiitumie kwenye chuma utakachochomelea. Joto huigeuza gesi ya fosjini, sumu kali.

5. Tandaza matambara nje yakauke. Usiyarundike. Kifaa nacho kilale usiku mzima kabla ya kuwashwa.