Kabla hamjashusha boti zisizo na mtu baharini

Vijana wa Unguja na Pemba mnaotaka vijiboti vitatu vinne vijipangie doria vyenyewe, naona kila mtu anaanza na betri na propela, wakati la mwanzo kabisa ni kuamua kila boti itafanya nini ikipotezana na wenzake. Na zitapotezana tu. Antena iko chini karibu na maji, wimbi likinyanyuka kidogo hazipatani tena, kwa hiyo kila moja iwe na amri yake tayari, isubiri, imalize eneo lake au irudi, na zote zijue mwenzao ataamua vipi, sio moja imesharudi nyengine bado inampigia hesabu kama yupo.

Jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 2014 lilijaribu mpaka boti 13 mto James kule Virginia, baadhi zikijiendesha zenyewe, kwa CARACaS, mfumo wa kompyuta wa kuongoza boti bila nahodha, uliotokana na teknolojia ya NASA ya magari ya sayari ya Mars. 2016 wakarudi ghuba ya Chesapeake na boti nne, kikitokea chombo kisichojulikana moja inakwenda kukitazama, zilobaki zinaendelea na doria. Huko kugawana kazi ndo muige, wingi wa boti achaneni nao.

Sasa bahari yetu. Bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne, pale Mkokotoni asubuhi ramani ilipokuonesha maji jioni ni mchanga mtupu, so programu lazima ijue saa za maji, na majaribio ya mwanzo fanyeni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, kusi likivuma kwa nguvu msijisumbue. Halafu ngalawa, ya mbao, haina taa, rada inaiona kwa tabu, na kwa kanuni za kimataifa za 1972 chombo cha mashine ndo kinaipisha ya tanga. Hapa pimeni sana, maana boti tatu zikikwepa ngalawa moja kwa pamoja zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe au zikaingia kwenye nyavu za watu, na mvuvi nyavu zake zikikatwa hataki kusikia habari za programu.

Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa ni nyingi, kamera msiiamini peke yake.

KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, waambieni mapema na kwa barua, boti tupu inazunguka usiku jamani wafikirie nini? Swichi ya kuzimia iwe nje, nyekundu, na maandishi ya Kiswahili makubwa na namba ya simu, boti ikipotea atakayeiokota huenda akawa mvuvi wa Tumbatu.