Namna ya Kuizuru Fort Jesus na Kuielewa

Mkaazi wa Mombasa hupita mbele ya Fort Jesus, ngome ya kale iliyojengwa na Wareno, mara nyingi kuliko anavyoingia, na anayeingia aghalabu huishia kwenye mizinga, akapiga picha na kuondoka. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuielewa ngome yenyewe. Ushauri wake mkuu ni kwamba uitazame kwa jicho la baharia, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya vyombo vilivyoingia na kutoka katika mlango huu wa bahari.

Nenda asubuhi, kwani kiwanja cha ndani hakina kivuli cha kutosha na mawe yake hushika joto kuanzia adhuhuri. Ukitoka Likoni, tuktuk itakufikisha hadi langoni. Ukija kwa matatu kutoka Nyali au Kisauni, shuka Posta, kisha uishike Barabara ya Nkrumah hadi mwisho. Viingilio hutofautiana baina ya raia, wakaazi na wageni wa nje, hivyo beba kitambulisho, na uwe na pesa kwenye simu. Ukihitaji mtu wa kukuongoza, mwombe akuonyeshe kitambulisho cha kazi na mpatane malipo kabla ya kuanza.

Kabla ya kuingia, teremka kando ya ukuta hadi uione bahari. Ujenzi ulianza mwaka 1593, enzi za Felipe wa Pili wa Hispania aliyetawala Ureno pia, na ramani ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, msanifu aliyekuwa akiwatumikia Wareno nchini India. Kuta zimeota juu ya jabali la matumbawe, na buruji nne za pembeni zimepangwa ili walinzi wa buruji moja waweze kumpiga adui anayeparamia ukuta wa jirani yake. Mombasa wakati huo ilipokea amri kutoka Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, na ukilishika jambo hilo, mengi utakayoyaona ndani yatakaa mahali pake.

Ukishaingia, usikimbilie ukumbi wa makumbusho. Tembea kwanza kiwanjani, utazame kisima, birika la maji na misingi ya kanisa, kisha uifuate njia ya matao iliyochongwa ndani ya jabali kuelekea baharini. Simama hapo kidogo, maana mahali hapa panaeleza kwa nini ngome ingeweza kuhimili kuzingirwa: aliyefungiwa upande wa nchi kavu alitegemea msaada wa majini. Waomani walipoizingira Machi 1696, mapambano yalidumu hadi walipoiteka Desemba 1698, na ndani hawakuwamo Wareno peke yao, kwani Waswahili wa Faza, mji ulio kisiwani Pate, walikuwa miongoni mwa waliopigana na kufa kwa njaa na maradhi. Anayesimulia kisa hiki kama vita vya wageni wawili tu anatuondoa sisi katika historia yetu.

Sasa ingia ukumbini, na muda wako mwingi uutumie kwenye vitu vya merikebu Santo António de Tanná. Ilijengwa Bassein, karibu na Bombay, ikatumwa kuisaidia ngome, ikazama mbele yake mwaka 1697. Wataalamu wa akiolojia ya chini ya maji waliichimbua katika miaka ya 1970, na vilivyopatikana vinaonyesha maisha ya mabaharia kuliko maelezo yoyote ya ukutani. Vyombo vya kauri kutoka Uchina na vya udongo kutoka magofu ya pwani vimepangwa humo humo; vitazame kama ushahidi kwamba biashara ya pwani hii ilikuwa hai karne nyingi kabla ya Mreno kufika.

Usiache michoro ya ukutani ya Wareno, yenye meli na watu, wala nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji ya São Filipe. Mwenye kupenda historia ya watawala na amuulize mwongozaji habari za Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, akarejea kutawala Mombasa, na mwaka 1631 akamuua kapteni wa ngome na kuiteka. Kwa maoni yangu, hakuna kisa kingine kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi India, Ureno na Uswahili vilivyogongana ndani ya mtu mmoja.

Kipindi cha Waingereza hakihitaji muda mrefu. Waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Jipe muda usiopungua saa mbili. Ukiwa na wanafunzi, wagawe katika vikundi vidogo, kwa sababu ukumbi hujaa haraka na walio nyuma hawasikii kitu, na uwape kila kikundi jambo moja la kutafuta, kwa mfano kitu kilichotoka India na kitu kilichotengenezwa hapa pwani. Wazazi washikeni watoto wadogo mkono mnapopanda juu ya kuta, kwa kuwa kuna sehemu zisizo na kingo.