Umeombwa uwe trastii wa chariti Uingereza? Soma hii kabla hujasema ndio

Sisi tulioko Uingereza hii ishu tunaijua, watu wa kwenu wameamua kuunda chariti (shirika la hisani) ya kuchimba visima au kusomesha watoto kijijini, fomu inataka majina, basi unapigiwa simu jumapili jioni: "kaka tumekuweka trastii, kazi hakuna, ni jina tu." Hapo kwenye "ni jina tu" ndo pa kushtukia.

Neno lenyewe linatuponza. Trastii kwa Kiswahili tunamwita mdhamini, na tukisema mdhamini kichwani anakuja mtu anayewanunulia timu jezi, au yule anayekuja kukuwekea dhamana polisi. Trastii sio huyo. Sheria ya England na Wales, ile Charities Act ya 2011, inamuhesabu trastii kuwa yeyote mwenye usimamizi wa jumla wa chariti hata kama katiba yenu inamwita mlezi au mjumbe wa kamati. Kama maamuzi mnafanya nyie, basi matrastii ni nyie. (Scotland wana sheria yao na msimamizi wao, OSCR.)

Kwahiyo kabla hujakubali, ingia kwenye rejista ya Charity Commission (msimamizi wa chariti za England na Wales) mtandaoni, ni bure, andika jina la chariti kama imeshasajiliwa. Utaona matrastii wengine ni kina nani, hela ilioingia na kutoka, na kama taarifa zao zimechelewa imeandikwa pale pale. Halafu omba katiba na hesabu za miaka miwili mitatu. Wakikwambia "usijali utaona huko mbele", kaa pembeni kwanza. Na wewe jiangalie, uwe umefika miaka 18 (kwenye muundo wa kampuni au CIO, yaani Charitable Incorporated Organisation, chariti yenye mwili wake kisheria, hata 16 inaruhusiwa), na kama umefilisika kisheria na hujaondolewa kwenye hali hiyo, au una hukumu ya wizi au utapeli ambayo muda wake haujaisha, huruhusiwi.

Muundo uulize vizuri. Chariti ya kawaida isiyo na usajili wa kampuni wala CIO haina mwili wake kisheria, mkataba unasainiwa kwa majina yenu, deni likilala linawatafuta nyie. CIO inawakinga zaidi, ila inabidi isajiliwe hata kama mapato ni sifuri, wakati hizo nyingine zinaanza kutakiwa kujisajili mapato yakipita pauni 5,000 kwa mwaka. Na kinga hiyo haimfunikii mtu aliyekula hela.

Sasa hela, maana ugomvi wote uko hapa. Mlichangisha kwa ajili ya kisima, hela ni ya kisima. Najua itatokea mwenzetu mmoja kafariki, mwili unatakiwa usafirishwe nyumbani, grupu zima linalia na akaunti ya chariti ina hela imekaa tu, na mtu atasema "si tutarudisha". Hapana. Changisheni mchango mwingine pembeni. Inauma na utaitwa roho mbaya, mimi nimeitwa, ila trastii kazi yake ni kulinda lengo la chariti hata mbele ya msiba.

Hela isipite kwenye akaunti ya mtu binafsi, malipo yaidhinishwe na watu wawili, na ikishatumwa nyumbani mtake risiti na picha za kazi, sio "imefika". Fundi akiwa binamu yako sema kwenye kikao, toka nje wakati wanaamua, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Mshahara kwa kuwa trastii hamna, nauli ya kuja kikaoni unarudishiwa.

Kingine watu wanadhani hesabu ni za mweka hazina. Matrastii wote mnabeba pamoja, hata yule aliyekuwa anasinzia kikaoni. Niliwahi kukaa kwenye bodi moja mwaka mzima nikiitikia "sawa" kwa hesabu nisizozielewa, siku nilipouliza swali la kwanza kumbe hata mweka hazina hakuwa anazielewa. Taarifa ya mwaka inatakiwa ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wenu wa fedha kuisha, yaani mkifunga Desemba 31 mwisho wenu ni Oktoba 31.

Na msidhani kujitolea ni kinga. Kids Company, chariti ya watoto ya London, ilifungwa Agosti 2015 ikiwa haina akiba ya maana, matrastii wake wa kujitolea wakapelekwa mahakamani ili wazuiwe kuongoza makampuni. Februari 2021 jaji alikataa ombi hilo, wakashinda, ila hesabu mwenyewe hiyo miaka. Kwahiyo kila kikao uliza: hela ikiacha kuingia leo, tunaishi miezi mingapi?

Kama chariti inagusa watoto, sera ya kuwalinda iwepo kabla ya shughuli ya kwanza, na likitokea baya kubwa mnairipotia Commission wenyewe, mapema.

Ukichoka, toka vizuri. Kuleft grupu la WhatsApp sio kujiuzulu. Andika barua kama katiba inavyosema, kabidhi mafaili na benki ikutoe kwenye saini, kisha baada ya wiki chache rudi kwenye ile rejista uangalie kwa macho yako kama jina lako limeshatolewa.