Siku moja shambani Muheza

Ukiwa Tanga mjini na una siku ya kupumzika, panda basi la Muheza asubuhi na mapema, ni kama kilomita 40 tu. Kuanzia mwezi Mei hivi michungwa huwa imeelemewa. Ganda la kijani lisikutishe, ndani chungwa limeiva. Mwombe mwenyeji akumenyee kwa kisu, ganda litoke utepe mmoja mrefu, akate kichwa, nawe ufyonze palepale kivulini. Utamu ule sokoni huupati kabisa!

Ila piga hodi kwanza, wazee waamkie shikamoo, wala usichume bila ruhusa; shamba hilo ndilo ada ya watoto wao. Ukiondoka, nunua kwao hata kapu moja. Beba noti ndogondogo, chenji shambani ni shida.