Kabla Hujalipia Antivirusi au VPN, Ipime Nyumbani Kwako

Juzi mwalimu mmoja wa Kawempe, hapa Kampala, aliniwekea flashi mezani. "Fundi, mitihani yangu yote imegeuka mishale." Nikaichomeka kwenye kompyuta ninayoitumia kwa majaribio tu. Kweli, kila folda ilikuwa njia ya mkato yenye kamshale pembeni, uzito wake kilobaiti 1 au 2, na folda zenyewe zimefichwa. Nilifungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E ni herufi ya flashi), mitihani ikarudi. Njia za mkato nikazifuta.

Kilichoniuma ni laptopu yake. Ilikuwa na antivirusi mbili, moja ya kulipia, na kwenye simu alikuwa na VPN ya bure aliyoambiwa inazuia virusi. Mwalimu wa watu ametoa hela yake, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuvipima. Basi twende pamoja.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi za hivi viwili

Antivirusi hulinda faili na programu zilizomo ndani ya mashine. VPN hufunga mawasiliano yako kwa usimbaji, yaani kuyageuza yasisomeke na mwingine, kutoka kwenye kifaa hadi kwenye seva yake (kompyuta ya kampuni ya VPN), ili mwenye Wi-Fi au kampuni ya simu asione unatembelea tovuti gani. Virusi vilivyomo kwenye flashi havihusiki na VPN hata kidogo.

Wengi wetu Uganda tuliijua VPN Julai 2018, ilipoanza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, na tukaizoea zaidi Facebook ilipofungwa Januari 2021. Lakini kumbuka wiki ile ile ya uchaguzi intaneti yote ilipozimwa: VPN haikumsaidia mtu, maana nayo husafiri juu ya intaneti. Na anayekupigia simu akuombe PIN ya mobile money, hakuna programu kati ya hizi mbili itakayomzuia.

Hatua ya 2: Safisha kwanza

Ondoa antivirusi zote ulizowekewa, hasa ya majaribio iliyokuja na laptopu na muda wake ukaisha. Antivirusi mbili zinazolinda kwa pamoja hugombania faili zile zile, na mashine huwa nzito. Ukishaziondoa, washa upya kompyuta, fungua Windows Security, uhakikishe Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, imerudi kazini. Antivirusi iliyovunjwa leseni, ile unayouziwa kwenye flashi mjini, usiiweke kabisa. Unampa mtu usiyemjua ufunguo wa kila chumba.

Kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Shughulikia hilo kabla ya kufikiria antivirusi ya kununua.

Hatua ya 3: Soma maabara, usisome matangazo

AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huzipima antivirusi mara kwa mara na kuweka matokeo wazi bila malipo. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashine, na 6 kwa kutosumbua, yaani kutoita faili safi virusi, jumla 18. Angalia vipimo vya miezi kadhaa, usitazame kimoja tu. Utaona Defender inasimama vizuri miongoni mwa zile za kulipia. Kwa familia nyingi ninazozihudumia inatosha, na hela iliyobaki nawashauri wanunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala za picha na kazi, kisha waichomoe na kuiweka kabatini. Virusi vya kufunga faili na kudai fidia haviwezi kufika kwenye diski isiyochomekwa.

Hatua ya 4: Ijaribu antivirusi kwa mikono yako

Kuna faili la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi 68, ambalo halina madhara na antivirusi zimekubaliana kulikamata. Lipakue kutoka eicar.org. Antivirusi yako ikinyamaza, ulinzi umezimwa au umeharibika.

Kisha lipakue lile lililofungwa ndani ya zip, uliweke kwenye flashi. Hapa ndipo watu hushangaa: Defender inaweza kukaa kimya unapochomeka flashi, ikakamata pale tu faili linapofunguliwa. Ndiyo maana kila flashi inayotoka kuchapisha Nasser Road, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uichunguze kwa Defender kabla ya kufungua chochote. Fanya iwe desturi ya nyumba nzima, watoto pia.

Halafu bando. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, angalia matumizi ya data ya kila programu baada ya wiki moja. Kama antivirusi inakula data kuliko unavyoweza kununua, utaizima, na iliyozimwa hailindi.

Hatua ya 5: Uliza VPN inakula wapi

Seva zinagharimu. Usipolipa wewe, lazima ujue nani analipa. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Facebook ilikuwa na VPN yake, Onavo, iliyotumika kujua watu wanatumia programu gani. Antivirusi nazo hazijasalimika: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja walitembelea.

Za bure zenye heshima zipo. Proton VPN ya Uswisi hutoa huduma ya bure bila kikomo cha data, ikigharimiwa na wanaolipia. Tafuta mfano kama huo: mmiliki anajulikana, na amekaguliwa na watu wa nje.

Hatua ya 6: Ipime VPN

VPN ikiwa imezimwa, fungua dnsleaktest.com, andika anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) na jina la kampuni ya intaneti unaloliona. Washa VPN, rudia kwa kipimo kirefu (Extended test). Ukiona bado jina la kampuni yako ya simu, VPN inavuja, ondoa.

Sasa kata Wi-Fi ghafla wakati unapakua kitu, uirudishe. Kama upakuaji unaendelea kabla VPN haijaunganika tena, washa kinga ya kuzuia mtandao VPN inapokatika (kill switch). Isipokuwepo, tafuta nyingine.

Pima kasi mara tatu, asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Jaribu seva ya Kenya au Afrika Kusini kabla ya Ulaya, maana umbali huonekana kwenye simu za video. Usimbaji huongeza data kidogo, kwa hiyo bando litaisha mapema. Programu za benki nyingine hukataa VPN. Izime kwa dakika hizo.

Hatua ya 7: Malipo

Lipia mwezi mmoja kwanza. Punguzo kubwa la bei mara nyingi ni la mwaka wa kwanza tu, na kadi hukatwa yenyewe mwaka wa pili kwa bei kamili. Siku unayolipa, ingia kwenye akaunti uzime kujirudia kwa malipo, na weka kikumbusho kwenye simu wiki moja kabla muda haujaisha. Kikilia, rudia hatua ya 4 na ya 6 kabla ya kulipa tena.