Ndoano ya Kuzungushia Glaida Ndogo: Jinsi ya Kuitengeneza na Kuirekebisha

Glaida ndogo isiyo na injini wala rimoti hupandishwa kwa kamba kama tiara: mrushaji hukimbia akiukabili upepo, ndege hupaa hadi juu ya kichwa chake, kisha pete iliyo mwishoni mwa kamba huchomoka kwenye ndoano iliyo chini ya kiwiliwili na ndege hubaki huru. Ndoano ya kawaida ina kasoro moja, nayo ni kwamba kamba ikilegea tu, pete huchomoka, hewa iwe nzuri au mbaya. Ndoano ya kuzungushia, iliyoenea miongoni mwa warushaji wa Ulaya katika miaka ya 1970, huifungia pete kwa komeo, ili ndege iweze kuzunguka angani ikiwa bado kwenye kamba huku mrushaji akitafuta hewa ya joto inayopanda, na huiachilia pale tu anapoivuta kwa nguvu makusudi.

Ndani ya ndoano hii mna nguvu mbili, na karibu matatizo yote niliyoyaona yalitokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni ndogo: ni mvuto unaounyoosha usukani wa mkia ili ndege ipande bila kupinda. Mvuto huo ukipungua, mpira mdogo ulio mkiani huurudisha usukani upande na ndege huanza kuzunguka. Ya pili ni kubwa, nayo hulifungua komeo. Katika glaida yangu yenye uzito wa gramu 150 na mabawa ya sentimita 90 kutoka ncha hadi ncha, usukani hunyooka kabisa kwa mvuto wa gramu 300, ilhali komeo halifunguki kabla ya kilo 1.2. Anayejenga ndege za madaraja ya kimataifa ya F1H, ambayo hayaruhusiwi kupungua gramu 220, au F1A, yasiyopungua gramu 410, atahitaji nguvu kubwa zaidi, lakini pengo baina ya nguvu hizo mbili lisipungue.

Kisanduku cha ndoano hutengenezwa kwa vipande viwili vya bati la alumini la milimita 1, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 40, vikitenganishwa kwa mbao ngumu. Ndani yake mna mkono mmoja, ambao mwisho wake wa chini ndio ndoano yenyewe, uliokatwa kwa msumeno kutoka kwenye bapa la chuma la milimita 2 na kusawazishwa kwa tupa, unaozunguka kwenye skrubu ya milimita 3. Kutoka kwenye skrubu hiyo hadi mahali pete inapokaa pawe na milimita 20. Mkono ukiwa umetulia, uinamie nyuma kwa nyuzi 45 hivi. Usiupuuze mwinamo huu, kwa sababu ndege ikiwa juu ya kichwa chako kamba huivuta karibu moja kwa moja kwenda chini, na mkono uliosimama wima hautasogea hata ukiuvuta vipi. Ncha ya ndoano ielekee nyuma, na tumbo lake ling'arishwe kwa msasa laini mpaka pete iteleze kama kwenye kioo.

Uzi wa usukani hufungwa kwenye mkono chini ya skrubu, ili ndoano inaposogea mbele uvutwe. Milimita 4 za kwanza za mwendo zisipingwe na kitu chochote isipokuwa mpira wa mkiani. Baada ya hapo mkono ukutane na springi fupi ngumu, ambayo fundi yeyote wa pikipiki hakosi katika kopo lake la vyuma chakavu, na milimita 2 zilizobaki zipatikane kwa kuibana springi hiyo. Kwa kuwa usukani utakuwa umeshafika kwenye kizuizi chake, uzi utakatika au utang'oa mkia usipopewa nafasi ya kunyumbuka. Mimi huunganisha uzi na mkono kwa ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ulio mgumu kuliko ule wa mkiani.

Komeo ni kipande cha spoki ya baiskeli kinachoteremka kutoka nyuma ya kisanduku na kuziba mdomo wa ndoano. Sehemu yake ya juu hushikwa na jino dogo lililo kwenye mkono, na jino hilo liwe refu kiasi kwamba mwendo wa kwanza ukiisha bado linaling'ang'ania komeo. Likiachia, springi ya kalamu hulivuta komeo juu, nalo hubaki humo mpaka lirudishwe kwa kidole. Komeo hilohilo linaweza kuiwasha saa ndogo ya kuinua mkia baada ya dakika mbili ili ndege ishuke, na kwa kweli ni afadhali liiwashe, kwani hewa ya joto haichagui cha kuchukua.

Upimaji wa kwanza hufanywa mezani. Mizani ya ndoano ya wauza samaki imetengenezewa mizigo mizito mno kwa kazi hii, kwa hiyo tumia chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ukikumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Bana kiwiliwili ukingoni mwa meza, pua ikiinama kidogo, ning'iniza chupa kwenye pete, kisha ongeza maji polepole kwa kikombe. Karibu na gramu 200 mkono uanze kusogea, na kwa gramu 300 usukani uwe umenyooka. Endelea kumimina. Utaona mkono umetulia tuli huku chupa ikizidi kujaa, halafu utasikia mlio mmoja mkavu, tak, komeo limepanda. Pete haitaanguka, na isianguke: itachomoka pale tu utakapoinua chupa kwa mkono. Ikiwa komeo limefunguka mapema, kaza skrubu iliyo mbele ya springi ngumu. Skrubu ya milimita 3 husogea nusu milimita kwa kila mzunguko, basi ikaze robo mzunguko kwa wakati mmoja na upime mara tatu.

Kiwanjani, anza kwa kuirusha ndege kwa mkono mpaka izunguke vizuri, kisha ivute kwa kamba asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaingia Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Ikipinda upande mmoja daima, rekebisha kizuizi cha usukani. Ikiyumba kushoto na kulia, sogeza kisanduku mbele milimita 1 au 2. Ikikataa kufika juu kabisa, kirudishe nyuma. Ikishafika juu, punguza mwendo na uifuate chini yake ikizunguka. Inapougeukia upepo tena, ivute taratibu inyooke. Mwewe wakizunguka karibu bila kupiga mabawa, kimbilia huko, kaza mbio kwa ghafla mpaka usikie komeo mkononi, kisha legeza. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Kisumu, kwa hiyo utakimbia kwa kasi zaidi kidogo kupata mvuto uleule, na duara la ndege litapanuka. Springi usiiguse.

Komeo likigoma kufunguka, usishindane na kamba. Kimbia kuielekea ndege, iache izunguke mpaka itue. Mimi nilijifunza hilo kwenye shamba la ngano lililovunwa, Njoro, baada ya kuutia mkono wa ndoano mafuta ya cherehani usiku wa kuamkia safari nikidhani ninausaidia. Vumbi laini la huko liligandamana na mafuta yakawa ugoro mweusi, komeo likashikilia, nami nikaendelea kuvuta mpaka bawa la kulia likavunjika penye shina. Tangu hapo hupaka unga wa penseli tu, na kabla ya kila mrusho hulifungua komeo mara moja kwa kidole ili nilisikie.